Kitabu Kinachofuata: Namna ya Kusoma Mwaka Mzima Bila Kukatika Ukiwa Dodoma

Wasomaji wengi hawaachi kusoma wakiwa katikati ya kitabu. Huacha kati ya kitabu na kitabu. Umemaliza riwaya Jumapili usiku, imekukolea, unaiweka mezani na kusema kesho nitatafuta nyingine. Kesho inakuja na mambo yake, keshokutwa vilevile, na wiki ya tatu inakukuta umesharudi kwenye simu. Kwa hiyo karibu kila kinachoelezwa hapa, kuanzia daftari mpaka rafu, kina kazi moja: kuhakikisha kitabu kinachofuata kipo mkononi kabla cha sasa hakijaisha.

Panga kwa kurasa, usipange kwa dakika

Ukurasa wa riwaya ya Kiswahili una maneno 250 hadi 350. Msomaji aliyezoea huumaliza kwa dakika mbili hivi, kwa hiyo kurasa 20 ni dakika 40. Ukisoma kurasa 20 kwa siku 25 za mwezi, umesoma kurasa 500. Riwaya zetu nyingi zina kati ya kurasa 120 na 250, maana yake ni vitabu viwili hadi vinne kwa mwezi. Siku tano zilizobaki ziache makusudi kwa misiba, safari, wageni na homa. Anayepanga siku 30 huvunjika moyo siku ya kwanza anapokosa.

Ukipanga kwa dakika utajidanganya bila kujua. Dakika 40 zenye simu pembeni hutoa kurasa nane. Kurasa 20 ni 20 tu, ziwe zimechukua nusu saa au saa nzima.

Zigawe mara mbili: 12 alfajiri na 8 usiku. Alfajiri ya Dodoma ni ya thamani sana kwa msomaji. Saa 11 na nusu upepo bado umetulia, na mwezi wa sita hadi wa nane kuna baridi ya kutosha kukufanya ubaki ndani na kikombe cha chai. Mchana wa kiangazi, hasa Agosti hadi Oktoba, si wakati wa kusoma nje. Upepo hutoka zaidi upande wa mashariki na kusini-mashariki na huleta vumbi jekundu linaloingia kwenye mshono wa kitabu na kukaa humo. Kibaraza kinachotazama magharibi kinakinga upepo, lakini jioni jua linakupiga usoni, hivyo kisubiri mpaka jua lizame. Usiku weka taa nyuma ya bega, upande wa kushoto kama unaandika kwa mkono wa kulia, ili kivuli cha mkono kisiangukie daftari. Taa ya kuchaji ichajiwe kila siku hata kama umeme upo, kwa sababu umeme ukikatika saa mbili usiku ndipo utagundua kwamba haina chaji.

Kwenye daladala na basi la barabara yenye kona usijilazimishe kusoma, utapata kichefuchefu. Treni ya umeme ya kwenda Dar es Salaam ni jambo jingine, imetulia. Safari ya saa tatu na nusu hadi nne inatosha kabisa kitabu cha kurasa 100.

Foleni ya vitabu vitatu

Kuwa na vitabu vitatu kila wakati, na viwe vya aina tofauti: kimoja kinene cha nyumbani, kimoja chembamba cha mkoba, na kimoja cha mashairi. Ukiwa na riwaya tatu kwa pamoja, wahusika wataanza kuchanganyikana kichwani.

Zikibaki kurasa 30 kwenye kile cha nyumbani, fanya hivi. Chukua kinachofuata kwenye foleni, kiweke juu ya meza palepale unaposomea, na siku hiyohiyo soma kurasa zake tano za mwanzo. Tano tu. Kisha rudi umalize cha kwanza. Ukurasa wa kwanza wa riwaya ndio mgumu kuliko yote, kwa kuwa humjui mtu yeyote humo ndani. Ukishawajua wawili watatu, kesho yake hutaanza upya, utaendelea. Hatua hii inaonekana ndogo, na ndiyo watu huiruka, kisha wanashangaa mwezi umepita bila kitabu.

Kama kitabu hakikuingii, fika ukurasa wa 50 kabla ya kuamua. Ukifika hapo jiulize tatizo ni nini. Majina yakikuchanganya, chukua kikaratasi, andika wahusika na uhusiano wao (nani baba wa nani, nani mwajiri wa nani), kitumie kama alama ya ukurasa. Mara nyingi kitabu kinafunguka hapohapo. Maneno yakiwa magumu, tazama sehemu ya kamusi hapa chini. Ikiwa ni uchovu wa kitabu chenyewe, kiache, na uandike kwenye daftari sababu kwa sentensi moja. Usikiache bila kuandika, maana utakinunua tena baada ya miaka miwili.

Daftari

Nunua kaunta buku. Daftari jepesi la shule linachanika kabla mwaka haujaisha. Kila kitabu kipe mstari wa juu wenye tarehe ya kuanza, jina, mwandishi, mwaka wa toleo ulilonalo, idadi ya kurasa na tarehe ya kumaliza. Chini yake acha mistari minane. Humo andika vitu viwili tu: kilichotokea kwa sentensi mbili, na sehemu moja iliyokugusa pamoja na namba ya ukurasa wake. Namba ya ukurasa usiisahau. Bila hiyo hutaipata tena sehemu hiyo, utabaki unapekuapekua.

Andika usiku uleule uliomaliza. Baada ya siku tatu majina ya wahusika wadogo yameshapotea, na baada ya wiki mbili unakumbuka kwamba kilikuwa kizuri, basi. Kurasa za mwisho za daftari zitenge kwa mambo mawili: foleni ya vitabu unavyovitaka, na orodha ya vitabu ulivyoazimisha.

Maneno usiyoyajua

Mtu aliyekulia Kongwa au Manyoni akifungua riwaya ya Unguja atakutana na dau, jahazi, tanga, kusi na kaskazi kabla ya ukurasa wa kumi. Usisimame kwa kila neno. Weka nukta ndogo ya penseli pembeni mwa mstari, endelea, na sura ikiisha ndipo ufungue kamusi. Nusu ya maneno yatakuwa yameshajieleza yenyewe.

Kutafuta kwenye kamusi kuna ufundi wake, na wengi huikatia kamusi tamaa kwa kutoujua. Nomino hutafutwa kwa umoja wake: "nyuso" utaipata kwenye "uso", "ndimi" kwenye "ulimi", "kuta" kwenye "ukuta", "meno" kwenye "jino". Kitenzi kivue viambishi mbele na nyuma. "Yakamwangukia" ondoa ya-, -ka- na -mw-, inabaki "angukia". Nyuma yake kuna "anguka", na hilo ndilo unalolitafuta.

Mashairi yasomwe kwa sauti

Hapa lengo la kurasa 20 halifanyi kazi. Beti 10 hadi 15 kwa siku zinatosha, na zisomwe kwa sauti. Shairi la mapokeo lina mshororo wa mizani 16 uliogawanyika katikati, nane kwa nane. Ukilisoma kimya kama gazeti huwezi kuusikia mgawanyiko huo, na utadhani mshairi ameyapanga maneno ovyo. Jaribu mstari huu: "Zabibu zimeshaiva, waje watu tuzichume." Hesabu kwa vidole: za-bi-bu-zi-me-sha-i-va, nane. Pumua. Wa-je-wa-tu-tu-zi-chu-me, nane. Pumzi inapoangukia ndipo penye maana.

Wanaohesabu mizani hukosea zaidi kwenye M. Chukua mbuyu na mbuzi, vitu ambavyo Dodoma hukosi kuviona. Mbuyu una mizani tatu: m-bu-yu. Mbuzi ana mbili: mbu-zi. Namna ya kupima ni kutia wingi. Mbuyu unakuwa mibuyu, yaani M yake ni kiambishi kinachosimama peke yake, hivyo inahesabiwa. Mbuzi habadiliki, M yake imeshikana na B.

Kwa msomaji wa hapa, pa kuanzia ni Mathias Mnyampala, Mgogo wa Dodoma aliyezaliwa 1917 na kufariki 1969, mtu aliyeipa ngonjera nafasi yake katika fasihi ya Kiswahili. Diwani ya Mnyampala ilitoka 1963. Ngonjera zake zisomeni watu wawili, kila mmoja na upande wake, kwa sababu ni majibizano. Mtu mmoja akizisoma peke yake ladha inapungua kwa kiasi kikubwa.

Riwaya: uzianze kwa mpangilio gani

Anayeanza au anayerudi baada ya kuacha muda mrefu asifungue Nagona (1990) ya Euphrase Kezilahabi eti kwa sababu ni nyembamba. Haifiki kurasa 100, lakini inakwenda kama ndoto na hutumia muda mwingi kuliko riwaya ya kurasa 250. Wengi wameikimbia fasihi nzima kwa kuanzia hapo. Iwekeni mwisho, isomeni mara mbili mfululizo, kisha Mzingile (1991).

Anza na upelelezi. Mzimu wa Watu wa Kale (1960) ya Muhammed Said Abdulla inakuvuta kwa swali, na swali ndilo linalorudisha mazoea ya kugeuza kurasa. Baada yake Rosa Mistika (1971) ya Kezilahabi, ambayo lugha yake ni nyepesi na habari zake ni nzito. Kisha Kuli (1979) ya Adam Shafi, ya wachukuzi wa bandarini Zanzibar. Hiyo ndiyo itakayokupa mazoezi ya penseli na kamusi. Kusadikika (1951) ya Shaaban Robert ni fupi, ila usiimeze kwa siku moja. Karama anajitetea barazani kwa kusimulia habari za wajumbe, mmoja baada ya mwingine. Soma mjumbe mmoja kwa kikao kimoja, kisha uache habari yake ikukae.

Halafu Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis iliyotoka 2022 ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, mshindi wa Nobel ya Fasihi ya 2021. Humo kuna msafara wa biashara unaotoka pwani kwenda bara. Njia kuu ya misafara ya zamani ilikatisha Ugogo, na wasafiri walilipa hongo, yaani ushuru wa njia, kwa watemi ili wapite na wapate maji. Ndiyo maana inafaa kuisoma sambamba na kitabu cha Mnyampala cha 1954 kuhusu historia, mila na desturi za Wagogo: kimoja kinakupa macho ya wapitaji, kingine macho ya wenyeji. Ukiweza kupata viwili hivi kwa pamoja, usivitenganishe.

Kununua, kutunza, kuazimisha

Kitabu cha mtumba kikague kabla ya kutoa hela. Vitabu huchapwa kwa makunjo ya kurasa 16 au 32, kwa hiyo kunjo likidondoka hupotea kurasa nyingi kwa mpigo. Angalia mfululizo wa namba kuanzia mwanzo mpaka mwisho, na uhakikishe ukurasa wa mwisho unaishia na sentensi kamili. Chenye muhuri wa maktaba usikinunue. Chenye herufi za kijivu zilizofifia na pambizo zilizoinama ni fotokopi ya wizi. Mwandishi hakupata kitu hapo.

Kitabu kipya kilichobandikwa kwa gundi hakitaki kufunguliwa kwa nguvu katikati, hasa kiangazi, maana hewa kavu ya huku inaikausha gundi na mgongo unapasuka. Kisimamishe mezani kwa mgongo wake. Lalisha jalada la mbele, kisha la nyuma. Halafu lalisha karatasi chache za mwanzo, chache za mwisho, kwa zamu, ukipitisha kidole taratibu penye mshono, mpaka ufike katikati. Dakika tatu. Karatasi ikishang'oka, paka utando mwembamba wa gundi nyeupe ya mbao kwenye ukingo wake kwa njiti ya kiberiti, irudishe, kisha gandamiza kwa matofali mawili yaliyofungwa gazeti hadi asubuhi. Selotepu isiguse kitabu kamwe. Joto huifanya ivuje gundi, na karatasi inakuwa ya njano. Raba za kufungia nazo huyeyuka na kuganda kwenye jalada.

Vumbi lifute kwa brashi kavu huku umekibana kitabu kisifunguke, ukianzia mgongoni kwenda nje. Kitambaa chenye maji hugeuza vumbi kuwa tope.

Mchwa ndio adui mkubwa. Rafu ikae sentimita 10 mbali na ukuta, na ubao wa chini uwe angalau sentimita 20 juu ya sakafu. Kagua nyuma yake kila mwezi, na mvua za kwanza zikinyesha, Novemba au Desemba, kagua kila wiki. Ukiona kamstari ka udongo kanapanda ukutani, kavunje na urudi baada ya siku mbili. Kakiwa kamejengwa tena, wamo kazini: fuata mpaka kwenye ufa wanakotokea, tia dawa, ziba kwa saruji. Kubomoa kamstari peke yake hakusaidii.

Ukiazimisha, andika kwenye ukurasa ule wa mwisho wa daftari jina la mtu, kitabu, siku kilipotoka na siku ya kurudi, mbele yake akiona. Wiki tatu zinatosha kwa riwaya. Siku ikifika usimuulize kama amekimaliza, kwa maana ataona haya na kukikalia zaidi. Muulize amefika wapi, na umwendee na kingine mkononi.