Kabla ya kununua kitabu cha hisabati cha kusomeshea nyumbani

Anza na mtoto, si duka. Kwa umri binti yangu alikuwa wa Gredi ya 3, lakini nilipompa 52 kutoa 27, aliandika 35: alitoa tarakimu ndogo kwenye kubwa bila kujali ipi iko juu. Nikamnunulia cha Gredi ya 2, wala sijutii.

Hapa Kenya, angalia orodha ya vitabu vilivyoidhinishwa na KICD, taasisi ya taifa ya kukuza mitaala. Dukani, fungua mada ya kutoa kwa kukopa. Kama hakuna michoro ya mafungu ya kumi kabla ya tarakimu, kirudishe. Nunua na mwongozo wa mwalimu. Mimi niliuacha, nikapoteza muhula mzima. Vihesabio je? Vizibo vya soda vinatosha kabisa.