Kupanga bodi ya draiva ya LED za boti, betri ya volti 12

Wadau, nimeulizwa sana hii kitu na vijana wanaotengenezea taa za dagaa boti za Deep Sea na Sahare hapa Tanga, basi naiandika moja kwa moja. Draiva ni saketi inayoshikilia mkondo wa LED usibadilike.

Hatua ya 1, mchoro. Mimi natumia aisii (chipu) ya PT4115, bei poa na inavumilia mpaka volti 30. Mkondo unaupanga kwa risista moja tu ya kupimia, 0.1 gawanya kwa omu za hiyo risista, kwa hiyo ukiweka 0.33 unapata kama miliampea 300, zinatosha LED za wati 1. Funga LED tatu kwa mfululizo, usiniambie nne, kila moja inakula kama volti 3.2 na nne zinapita 12, na hii draiva inashusha tu haipandishi.

Hatua ya 2 ndo yenyewe. Fungua KiCad (programu ya bure ya kuchora bodi) na usivute njia ya shaba hata moja kwanza, weka vifaa. Anza na vitatu: kapasita ya kuingilia, dayodi ya Schottky (aina ya haraka) na aisii, vibanane mpaka vikaribie kugusana. Kwa nini? Swichi iliyo ndani ya aisii inawaka na kuzima mara laki kadhaa kwa sekunde, koili yenyewe mkondo wake unapita tu bila kukatika ila kwenye hivi vitatu mkondo unakatwa na kurudishwa ghafla, sasa ukiwa na mzunguko mrefu hapo kila ukikatwa unapata miiba ya volti, aisii inakufa bila sababu unayoiona na redio ya nahodha inakwaruza usiku kucha. Kapasita iwe seramiki ya maikrofaradi 10, volti 50. Ile kubwa ya maikrofaradi 100 inaweza kukaa mbali kidogo, kazi yake ni kutuliza waya mrefu wa betri.

Koili inafuata, karibu na pini ya SW (mguu wa swichi wa aisii). Shaba ya hapo iwe fupi, usiitandaze ukidhani unasaidia joto, hiyo inageuka antena. Joto litoe kwenye ardhi (shaba ya upande wa hasi), hapo mwaga shaba hadi ushibe.

Hatua ya 3, risista ya kupimia. Njia ya shaba ya kawaida yenye upana wa milimita 1 na urefu wa milimita 20 ina kama miliomu 10, ukiiruhusu iingie kwenye kipimo umeshapoteza asilimia 3 ya mkondo. Kwa hiyo waya za kupimia zianzie kwenye miguu ya risista yenyewe na zisibebe mkondo wa LED.

Kwenye kuingilia weka fyuzi ya ampea 1, baada yake dayodi ya 1N5408 iliyogeuzwa, katodi juu kwenye chanya. Mtu akifunga betri kinyume (na atafunga tu, gizani pale) fyuzi inakatika basi.

Endesha DRC (KiCad ijikague makosa ya mchoro), afu printi bodi kwa saizi halisi kwenye karatasi na upachike vifaa vyako juu ya hiyo karatasi. Koili za madukani mara nyingi hazilingani na futprinti (nafasi ya miguu kwenye bodi) uliyochagua, bora ujue sahivi kabla ya kuhamishia mchoro kwenye shaba kwa tona na pasi.

Ukishalehemu, pima mkondo wa LED kwa volti 11 na tena kwa 14.4, uwe karibu uleule. Washa redio ya AM pembeni, ikikwaruza sana rudi kwenye kapasita na dayodi. Ikiwa sawa safisha flaksi (dawa ya kulehemia), paka vanishi pande zote mbili maana chumvi ya bahari haina huruma na shaba, ila ziba konekta kwa selotepu kabla hujapaka.