Namna ya Kuandaa "Siku Kama ya Leo" Bila Kukosea Tarehe

"Siku Kama ya Leo" ni ukurasa wa kukumbusha yaliyotokea tarehe kama ya leo miaka iliyopita. Ugawe mafungu matatu: matukio, waliozaliwa, waliofariki. Panga kuanzia mwaka wa zamani zaidi, kila jambo sentensi moja: mwaka, nani, alifanya nini, wapi. Hilo ni jepesi. Jasho linatoka kwenye kuthibitisha tarehe.

Kwanza ujue tarehe ni ya kalenda ipi. Kalenda ya Gregori, tunayoitumia leo, ilipoanza mwaka 1582 kuchukua nafasi ya ile ya Julian, Oktoba 4 ilifuatiwa na Oktoba 15. Uingereza ilibaki na kalenda ya Julian hadi Septemba 1752, Urusi hadi mwisho wa Januari 1918. Ndiyo maana Mapinduzi ya Oktoba ya Urusi huwekwa Novemba 7, 1917, ingawa huko siku hiyo ilihesabiwa Oktoba 25. Ili kubadili tarehe ya Julian iwe ya Gregori, ongeza siku 10 kwa tarehe za kuanzia 1582 hadi Februari 1700, kisha 11 hadi Februari 1800, 12 hadi Februari 1900, na 13 baada ya hapo.

Wengi hunaswa na Aprili 23, 1616, inayotajwa kuwa siku waliyofariki waandishi Shakespeare wa Uingereza na Cervantes wa Uhispania. Ya Shakespeare ni ya Julian, sawa na Mei 3 kwa Gregori. Uhispania ilikwisha kuhamia Gregori, na Cervantes huenda alifariki Aprili 22, akazikwa 23. Kwa hiyo waliachana kwa siku zaidi ya tisa. Usiwaweke mstari mmoja.

Angalia pia ubatizo usigeuke kuzaliwa. Mtunzi wa muziki Beethoven alibatizwa Desemba 17, 1770. Siku aliyozaliwa haikuandikwa. Andika "alibatizwa", basi.

Tofauti ya saa nayo husogeza siku. Pearl Harbor, kambi ya wanamaji wa Marekani huko Hawaii, ilishambuliwa na Japani Desemba 7, 1941 kwa saa za Hawaii; Japani ilikuwa tayari Desemba 8. Fuata saa za mahali tukio lilipotokea. Mwezini hakuna saa za mahali, hivyo taja unayotumia: mwanaanga Neil Armstrong alikanyaga huko Julai 20, 1969 kwa saa za Marekani, Julai 21 kwa saa za Greenwich.

Sadfa ikivuka vipimo hivi vyote, ipe nafasi ya juu. Mwanasayansi Darwin wa Uingereza na Rais Lincoln wa Marekani walizaliwa Februari 12, 1809, na wakati huo Uingereza na Marekani zote zilikuwa kwenye Gregori. Marais wa zamani wa Marekani, John Adams na Jefferson, walifariki Julai 4, 1826, miaka 50 kamili tangu Marekani ipitishe Azimio la Uhuru.