Breki za trela zikilegea, anza na waya mweupe

Breki za umeme za trela dogo la kulala zikilegea, usikimbilie kununua sumaku mpya (zile za umeme zinazobana breki ndani ya gurudumu). Unganisha mita ya ampea katikati ya waya wa bluu, unaopeleka umeme wa breki, karibu na plagi ya pini 7 inayounganisha trela na gari, washa injini ya gari, kisha sukuma hadi mwisho swichi ya mkono ya kidhibiti cha breki kilicho ndani ya gari. Ekseli moja yenye breki za inchi 10 huvuta takriban ampea 6, yaani 3 kila gurudumu. Ikisoma 4, shuku ethi, yaani waya mweupe unaorudisha umeme. Kwenye trela langu waya mweupe ulifungwa kwa skrubu kwenye chasi, na chini yake palijaa unga wa kutu. Nilivuta waya mpya mnene hadi kwenye plagi, breki zikashika siku hiyohiyo.

Na tafadhali, kabla ya safari chomoa plagi, vuta pini ya breki ya dharura (inayowasha breki trela likichomoka kwenye gari), uone magurudumu yanagoma. Irudishe upesi; sumaku hupata moto.