Siki kwanza, maji ya kisima baadaye

Kwa wanaofundisha kuchapa sayanotaipu (picha za bluu zinazochapwa kwa jua kwenye karatasi iliyopakwa dawa) ndani ya nyumba za kale za mawe, Lamu au Mji Mkongwe: bluu ikififia beseni­ni, usikimbilie kulaumu jua. Maji ya visima vya huko mara nyingi yana chokaa ya matumbawe, na chokaa huila ile bluu. Tia vijiko 2 vya chakula vya siki nyeupe katika kila lita 1 ya maji ya kwanza ya kusuuzia. Tumbukiza karatasi kifudifudi, itikise dakika 1 hadi umanjano wa dawa utoke, kisha suuza kwa dakika 5. Maji ya mvua ni bora zaidi. Badilisha maji ya siki yakigeuka manjano.

Siki haiokoi picha iliyotolewa juani mapema, kabla sehemu zilizo wazi hazijawa kijivu cha shaba. Wala haisaidii karatasi iliyotiwa dawa jana ikaachwa mwangani: hiyo huwa bluu kote. Na msianike kwa kuegemeza kwenye ukuta wa chokaa! Picha mbichi ikigusa ukuta huo, pembeni hugeuka manjano.