Kiburu, maharage na askari wa tumboni

Mimi ni mama lishe hapa Moshi. Mteja wangu mmoja, dereva wa daladala, alilalamika kuwa tumbo lake limegeuka jeshi lililoasi. Nikamsimulia binti yangu anayesomea maabara, akacheka: "Mama, kasema kweli. Askari wapo tele, ila wa kuwatuliza ndio wachache."

Utumbo mpana umejaa bakteria, na wengi wao ni wapangaji wema. Ute mzito huwaweka mbali na ukuta, na kingamwili ya IgA huwashika wasipenye. Nyuma ya ukuta wapo askari wenyewe, yaani seli za kinga ya mwili, na kati yao kuna seli T dhibiti, ambazo hutoa kemikali kama IL-10 kuwaambia askari wengine watulie. Ugunduzi kuhusu seli hizo ndio uliowapa wanasayansi Sakaguchi, Brunkow na Ramsdell Tuzo ya Nobel mwaka 2025. Zikizidiwa, askari hushambulia na utumbo huvimba hata bila adui.

Sasa jiko langu linaingiaje? Bakteria wakila nyuzinyuzi za vyakula kama maharage hutengeneza kemikali iitwayo butireti. Hiyo ni chakula cha seli za ukuta, tena huwasaidia hao watulizaji kuongezeka.

Basi loweka maharage usiku kucha, umwage yale maji, uchemshe mpaka yaive kabisa. Menya ndizi za kupika zingali mbichi, uzitie humo na kitunguu, uache moto mdogo ufanye kazi. Hicho ndicho kiburu. Kama hujazoea, anza na vijiko vitatu vya maharage kwa siku, uongeze wiki inayofuata, na maji unywe. Ukianza na bakuli zima utajaa gesi, kisha utanilaumu mimi.

Wala si maneno ya jikoni tu. Watafiti wa hospitali ya KCMC ya hapa Moshi na Chuo Kikuu cha Radboud cha Uholanzi waliwachukua vijana wa kiume 77 wa huku kwetu Kilimanjaro. Waliohamishwa kutoka chakula cha asili kwenda cha kizungu kwa wiki mbili, damu yao ilionyesha dalili za uvimbe wa ndani, yaani askari kuchachamaa, zikipanda. Waliorudishwa kwenye cha asili, zilishuka. Hata waliokunywa mbege wiki moja zilishuka, ila walevi msishangilie: ulezi na ndizi vimo, na pombe imo vilevile.

Dereva wangu alikuwa pia akimeza diklofenaki, dawa ya maumivu, kila jioni kwa ajili ya mgongo, na antibiotiki za duka la dawa kila akiharisha. Za kwanza huweza kuumiza ukuta wa utumbo, za pili hufagia wapangaji wema na wabaya pamoja. Ukiona damu chooni, unakonda, au unaharisha wiki nzima na zaidi, nenda hospitali kwanza; utumbo ukiwa na vidonda, hata maharage yanangoja ruhusa ya daktari.

Yeye alikwenda, akapimwa, akabadilishiwa dawa ya mgongo. Sasa saa sita mchana namwekea kiburu chake. Soda bado ananunua kibanda cha jirani, anadhani simwoni.