Kidichi, Mtoni, Maruhubi: majumba ya kifalme kwa siku moja, kwa kufuata maji

Wanaozuru magofu haya ya kaskazini mwa mji wa Zanzibar, wengi huanzia Maruhubi kwa kuwa iko karibu na mjini, na wakifika Kidichi jua liko utosini na watoto wameshachoka. Nakuombeni mfanye kinyume: anzeni juu, mteremke mpaka pwani. Majumba haya yalijengwa kwa hesabu ya maji: ya kuoga, ya kutawadhia, ya bustani. Ukiyatazama kwa jicho hilo, magofu yanasomeka.

Kabla ya kutoka. Chukueni maji ya kunywa, machungwa, viatu vya kufunga na chenji ya nauli. Vaeni nguo za stara, maana mtapita mitaani mwa watu. Ijumaa ni siku fupi, chagueni nyingine.

Hatua ya 1: Kidichi, saa 2 asubuhi. Pandeni daladala ya 502 mpaka Bububu, kisha bodaboda au gari ya kupanda Kidichi. Hamamu hii, yaani nyumba ya kuogea, Sayyid Said bin Sultan, sultani wa Oman na Zanzibar, aliijenga mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe Sheherazade, mjukuu wa Fath Ali Shah wa Uajemi. Kwa nje ni nyumba nyeupe yenye makuba, haina la kukushangaza. Ingieni ndani, msimame kimya mpaka macho yazoee kiza. Mwanga unashuka kwa matundu ya kuba na kutua ukutani, na hapo ndipo nakshi zinapojitokeza kwenye lipu ya chokaa: maua, mitende, tausi. Kwa Maibadhi wa Oman, Waislamu wa madhehebu ya Sayyid Said, kuchora viumbe hai ukutani si desturi, kwa hiyo mkono wa Uajemi unauona wazi. Mtafuteni tausi mmoja mumfuate kwa jicho, unyoya kwa unyoya. Pengine ukungu umeshakula shingo. Msimguse. Chokaa iliyonyonya unyevu miaka yote hiyo humeguka kwa kidole cha mtoto.

Mimi hapa hukaa saa nzima, na sijawahi kujuta.

Hatua ya 2: Bububu. Kuleni, mswali Adhuhuri, mpumzike. Waambieni watoto kwamba maji ya chemchemi za upande huu ndiyo Sayyid Barghash, mwana wa Sayyid Said aliyekuja kuwa sultani, aliyoyavuta kwa mabomba mpaka mjini.

Hatua ya 3: Mtoni, baada ya Alasiri. Teremkeni na 502 kurudi mjini, mwambieni kondakta "Mtoni, kasri". Hili ndilo kongwe kuliko yote, lilianza kujengwa mwaka 1828. Jina limetokana na kijito kilichopita uwanjani kwenda baharini. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, alizaliwa hapa mwaka 1844. Katika kumbukumbu zake zilizochapwa kwa Kijerumani mwaka 1886 anaueleza uwanja huu: tausi, paa na mbuni wakitembea huru, michungwa mirefu, na mwishoni safu ya hamamu. Moto wa mwaka 1914 uliliharibu vibaya. Ulizeni kwanza sehemu gani imefunguliwa siku hiyo, kisha mtafute palipokuwa na hamamu.

Hatua ya 4: Maruhubi, jua likishuka. Barghash alilijenga kati ya 1880 na 1882. Ghorofa ilikuwa ya mbao, ndiyo maana moto wa mwaka 1899 ulibakisha nguzo nene za mawe, hamamu na mfereji wa maji. Piteni katikati ya nguzo mkielekea baharini. Jua litakuwa usoni mwenu.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mama wa watatu, Fumba:* Assalaam alaykum. Watoto wangu wadogo, wataweza siku nzima?

Waalaykum salaam, dada yangu. Mdogo chini ya miaka 6 usimpeleke kote. Kidichi na Maruhubi zinamtosha.

*Mwalimu wa msingi, Wete:* Wanafunzi huniuliza nani alibeba mawe na kuchota maji. Niwajibu vipi?

Mwalimu, wajibu ukweli: kazi nyingi za majumba haya zilifanywa na watumwa. Barghash alitia saini mkataba wa kuzuia biashara ya watumwa mwaka 1873, na Maruhubi ikajengwa baada ya hapo, lakini utumwa wenyewe uliendelea kuwa halali mpaka 1897. Mkiwa hamamuni, waulize maji yalifikaje hapo na nani aliwasha moto wa kuyapasha. Mimi nilikuzwa kwa hadithi za masuria na mapambo tu. Nilikuja kuhuzunika ukubwani, nilipotambua kuwa sikuwahi kusikia habari za waliochota.

*Kijana wa Chake:* Kaka, boti yangu ya Pemba ni mchana. Niende wapi?

Maruhubi peke yake, asubuhi mapema. Ni kilomita chache tu kutoka bandarini. Kidichi isubiri safari nyingine, usiende kuitazama mbiombio.

*Bi harusi mtarajiwa, Jang'ombe:* Tunaweza kupiga picha juu ya nguzo?

Mdogo wangu, hongera sana. Simameni chini, katikati ya nguzo, picha itapendeza zaidi. Kupanda juu hapana: kila anayepanda hushuka na changarawe ya chokaa chini ya kiatu.

*Mjukuu anayemtunza bibi, Kikwajuni:* Bibi yangu magoti yanamsumbua.

Mpeleke Maruhubi kwa teksi, pale ni tambarare. Beba kiti chepesi, umuweke kivulini chini ya miembe, naye akusimulie anayoyakumbuka. Andika.